Pamba na Parma: Rekodi ya Nani Huhifadhiwa?

Katika majira yaleyale, kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024, klabu mbili za mbali, zenye majina yanayokaribia kufanana, zilipanda daraja. Pamba Jiji ya hapa Mwanza ilirudi Ligi Kuu ya Tanzania Bara baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuhangaika katika madaraja ya chini. Parma ya kaskazini mwa Italia ilirudi Serie A baada ya misimu mitatu ya kuwa nje.

Siku hizo nilikuwa Mirongo, mahali nilipokulia, katika banda la kuonyeshea mpira lisilo mbali na mto wenye jina hilohilo. Mbele yangu alikaa kijana ambaye niliwahi kumfundisha. Alipoona habari za Parma kwenye simu yake alianza kutusomea: klabu imeanzishwa 1913, Kombe la Italia 1992, 1999 na 2002, Kombe la Washindi la Ulaya 1993, Kombe la UEFA 1995 na 1999. Kila taji lilikuwa na tarehe yake, uwanja wake na majina ya waliofunga.

Nikamwambia, “Sasa tusomee za Pamba.”

Akatafuta kwa muda. “Dokta, hapa wameandika bingwa 1990.”

“Bingwa wa nini?”

“Wameandika bingwa tu.”

Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la nyuma akadakia kwamba ulikuwa ubingwa wa Ligi ya Muungano, na kwamba ubingwa wa Bara mwaka ule ulikwenda Simba. Mzee mwenzake akampinga. Ubishi ukaendelea hadi mchezo tuliokuja kuutazama ukaisha bila sisi kuutazama. Mzee wa kwanza ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini alikuwa sahihi kwa sababu anakumbuka, na ana umri ambao hauturuhusu kumtegemea kwa muda mrefu.

Ndugu msomaji, makala hii inahusu mpira kwa nusu tu. Nusu ya pili inahusu majalada.

Nianze na Parma, kwa kuwa habari zake zinapatikana kwa urahisi. Ni klabu ya mji wa wastani, mji unaofahamika kwa jibini na nyama kuliko kwa mpira. Ilipanda Serie A kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Nyuma yake ilisimama kampuni ya maziwa ya Parmalat, mali ya familia ya Calisto Tanzi, na fedha za maziwa zikazaa maajabu ndani ya miaka michache. Mwaka 1993 waliifunga Antwerp 3–1 katika uwanja wa Wembley. Mwaka 1995 waliishinda Juventus katika fainali ya Kombe la UEFA. Mwezi Novemba mwaka huohuo wakampanga langoni kijana wa miaka 17 aitwaye Gianluigi Buffon dhidi ya AC Milan, naye hakufungwa. Mwezi Mei 1999 waliwafunga Marseille 3–0 huko Moscow. Ukijumlisha Super Cup ya Ulaya ya 1993 na Super Cup ya Italia ya 1999, unapata mataji makubwa manane. Ubingwa wa Italia hawajaupata hata mara moja. Walipoukaribia zaidi, msimu wa 1996/97, walimaliza nafasi ya pili.

Kisha, Desemba 2003, Parmalat ikaanguka. Vitabu vyake vya hesabu vilikuwa vimejazwa uongo kwa miaka mingi, na shimo lililogunduliwa lilikuwa la takribani Euro bilioni 14. Klabu iliponea chupuchupu, ikabadilisha mikono, na mwaka 2015 ikafilisika kabisa. Kabla ya hapo iliuzwa kwa Euro 1. Mwezi Februari mwaka huo mechi yake dhidi ya Udinese haikuchezwa kwa sababu hapakuwa na fedha za kuwalipa wasimamizi wa uwanjani. Wachezaji walikuwa hawajalipwa kwa miezi.

Sasa itazame Pamba. Mwaka uleule wa 1990, Parma ilipopanda Serie A kwa mara ya kwanza, Pamba ya Mwanza ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Kwa kizazi cha leo ni lazima nieleze: enzi hizo bingwa wa nchi alipatikana kwa kuzikutanisha timu bora za Bara na za Zanzibar, na timu za visiwani kama KMKM na Malindi ziliwahi kuutwaa ubingwa huo. Kwa hiyo Pamba ina kitu ambacho Parma, pamoja na makombe yake yote ya Ulaya, haina: imewahi kuwa bingwa wa nchi yake. Mwaka huohuo iliifunga Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12–1 katika Kombe la Washindi la Afrika. Uwanjani walikuwapo watu kama Khalfan Ngassa, George Masatu, Hussein Masha na Mao Mkami. Vijana wanaomfahamu Mrisho Ngassa na Himid Mao wanawafahamu watoto. Baba zao walivaa jezi ya Pamba.

Wenyewe tuliiita Tout Puissant Lindanda, wana Kawekamo. Neno hilo la Kifaransa, lenye maana ya “mwenye nguvu zote”, lilitufikia kutoka Kongo, ambako Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, ndiyo TP Mazembe ya leo, ilikuwa bingwa wa Afrika 1967 na 1968. Mji wa kando ya ziwa, unaosikiliza muziki wa Kongo na kulima zao la kuuza Ulaya, ulijipa jina la wakubwa na kwa muda ukalistahili.

Kama Parma ilivyoishi kwa maziwa, ndivyo Pamba ilivyoishi kwa pamba. Zao hilo ndilo lililoijenga Mwanza ya kisasa. Kuanzia 1955 wakulima wa Usukuma walikuwa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation, lililoongozwa na Paul Bomani, na baadaye ikaja Nyanza. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka zake. Katika miaka ya 1980 ikavirudisha. Katika hali zote hizo jineri ziliendelea kunguruma, na timu iliendelea kula kutoka katika chungu hichohicho.

Haikuwa peke yake. Chukua majina ya timu zilizovuma miaka ile, uyasome kwa sauti: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Sigara. Utadhani unasoma orodha ya mashirika ya umma, na hutakuwa umekosea. Mchezaji aliandikishwa kazini, akapata mshahara, wakati mwingine na nyumba, na Jumamosi akacheza. Tunaweza kubishana kama utaratibu ule ulikuwa na tija. Hatuwezi kubishana kwamba ndio uliozifanya Mwanza, Moshi na Mtwara ziweze kuzikabili Simba na Yanga bila kuomba nauli.

Ulipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika yakaanza kubinafsishwa au kufungwa. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Chungu kikapasuka, na waliokuwa wakila humo wakatawanyika: makarani, wapima mizani, madereva, mafundi na wachezaji. Masatu na Masha tuliwaona Simba. Mwaka 2001 Pamba ikashuka daraja.

Hadi hapo simulizi hizi mbili zinafanana. Mfadhili aliyezaa timu anaanguka, na timu inaanguka naye. Kinachozitenganisha ni kile kilichotokea baada ya kuanguka.

Parma ilipofilisika, mahakama iliteua wasimamizi, nao wakaandika orodha. Nani anadai nini: mchezaji, mfua jezi, muuza nyasi. Klabu ina nini: basi, mashine, haki za wachezaji. Hata makombe yaliingizwa katika orodha ya mali. Wengi waliona ni fedheha makombe ya Ulaya kutajwa pamoja na samani za ofisi, nami naielewa hisia hiyo. Lakini kitu kilichoandikwa katika orodha hakiwezi kupotea kimyakimya. Klabu mpya iliyoundwa na wafanyabiashara wa mji pamoja na mashabiki walionunua hisa ilianza Serie D, daraja la nne, ikapanda mara tatu mfululizo na mwaka 2018 ikawa Serie A. Ilibeba jina na historia kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimehifadhiwa mahali vinapoweza kuchukuliwa.

Kwetu, mashirika yalipofungwa, mitambo na majengo yalihesabiwa. Timu ya mpira haikuwa mtambo. Je, ratiba, matokeo, mikataba, picha za pamoja, barua za kusafiri kwenda kucheza nje ya nchi vilikwenda wapi? Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiuliza, kwa kuwa nilikusudia kuandika jedwali dogo tu la mechi zote za Pamba kuanzia ilipoanza hadi iliposhuka. Katika ofisi moja nilionyeshwa chumba ambamo mchwa walikuwa wamejenga kichuguu juu ya majalada. Katika nyingine niliambiwa kwa upole kwamba makaratasi yalichomwa ili kupisha ukarabati. Hakuna aliyenifokea. Kila mmoja alinieleza kana kwamba ananieleza hali ya hewa.

Ningeweza kuishia hapo na kulalamika kama shabiki. Lakini jambo hili lina upande ulionigusa nyumbani.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika jineri. Alipunguzwa kazini mwaka 1996, pamoja na wenzake wengi. Alipoanza kufuatilia mafao yake aliambiwa kwamba jalada lake linaonyesha miaka michache kuliko aliyoitumikia: kuanzia 1979 hadi 1982 hapakuwa na karatasi hata moja. Mwajiri wake wa miaka hiyo alikuwa ameshafutwa, na mrithi wa mwajiri huyo naye alikuwa ameshafutwa. Akaombwa alete uthibitisho.

Baba hakuwa na barua wala hati ya mshahara ya miaka ile. Alikuwa na kauntabuku. Ndani yake, kila mwisho wa juma, aliandika matokeo ya Pamba kwa kalamu ya bluu: tarehe, mpinzani, mabao, na pembeni maelezo mafupi kama “nimeingia uwanjani”, au “zamu ya usiku, nimepewa matokeo asubuhi”, au “mizani imeharibika, tumechelewa kufunga, nimesikia redioni”. Mechi ya Anse Boileau aliiandika kwa vistari: 12 upande mmoja, kimoja upande wa pili, kama anavyohesabu magunia.

Akalifunga kauntabuku lile katika gazeti, akalipeleka kwa ofisa aliyekuwa akishughulikia madai yake. Nilimsindikiza, nilikuwa kijana wa sekondari. Akamfungulia ofisa ukurasa baada ya ukurasa wa miaka ile: tazama, mwanangu, hapa nilikuwa zamu; hapa pia. Ofisa alikuwa mtu mstaarabu. Alisoma kurasa tatu nne, akatabasamu alipoona matokeo aliyoyakumbuka, kisha akasema, “Mzee, hili si jalada.”

Tulirudi kwa miguu hadi Mirongo bila kuzungumza.

Kwa miaka mingi nilimchukia ofisa yule. Leo, baada ya kusoma nilichosoma na kufundisha ninachofundisha, sioni kwamba alikosea kuhusu daftari. Daftari la shabiki si jalada. Kilichokuwa kibaya ni mgawanyo wa mzigo. Waliokuwa na wajibu wa kutunza jalada walilipoteza na hawakuulizwa lolote. Ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kutunza kumbukumbu, na ambaye hata hivyo alitunza, ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba aliishi na kufanya kazi kati ya 1979 na 1982. Baba alifariki mwaka 2013. Miaka ile mitatu haikulipwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na dawa haina sababu ya kuhangaikia matokeo ya mechi za zamani. Hoja hiyo naiheshimu, lakini naiona imegeuzwa. Mchwa waliokula karatasi za timu hawakuchagua. Walikula na karatasi za wapima mizani, kwa kuwa zilikaa katika vyumba vilevile, chini ya makufuli yaleyale, na mikononi mwa watu walewale ambao hawakuamini kwamba siku moja mtu angeziulizia. Rekodi ya mpira ni kipimo rahisi kwa sababu inapendwa. Ikiwa tumeshindwa kutunza jambo ambalo mji mzima ulikuwa ukilishangilia, tutatunzaje jalada la karani ambaye hakuna aliyemshangilia?

Wala sisemi kwamba Italia ni nchi ya malaika. Parmalat ilianguka kwa vitabu vya hesabu vilivyoghushiwa. Mpira wao umewahi kuchafuka hadi Juventus ikapokonywa mataji mawili mwaka 2006. Mpaka leo shirikisho linaihesabia mataji 36 huku klabu yenyewe ikijihesabia 38. Lakini tazama wanachobishania: hukumu ipo, tarehe ipo, na kila upande unaweza kuweka karatasi yake mezani. Wazee wangu pale bandani walikuwa na sauti zao tu, na mwenye kifua kikubwa ndiye aliyekaribia kushinda.

Sasa Pamba imerudi, na imerudi ikiwa na neno Jiji katika jina lake, kwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza imeibeba mgongoni. Nalifurahia hilo, nami nimekwenda Kirumba kushangilia kama mtoto. Lakini nauliza kama mlipa kodi: timu hii inapoishi kwa mfuko wa umma, karatasi zake zinatunzwa kama karatasi za umma? Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002. Tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo hapahapa Mwanza. Mikataba ya makocha na wachezaji, mapato ya mlangoni, ripoti za mechi, vyote hivi vinaweza kufunguliwa jalada leo kwa gharama ndogo kuliko posho ya kikao kimoja. Siku halmashauri itakapochoka, au mfadhili atakapobadilika, na siku hiyo huja, pawepo orodha.

Kwenu wanafunzi, ninayo kazi isiyohitaji ufadhili. Wachezaji wa 1990 bado wapo mitaani. Baadhi mnapishana nao kila siku bila kuwajua. Kaeni nao, warekodini, kisha linganisheni simulizi zao na magazeti ya wakati ule. Msiandike “bingwa 1990” mkaishia hapo. Andikeni bingwa wa nini, alimshinda nani, na nani aliyewaambia.

Kwenu watumishi wa umma, mnaoshika funguo za vyumba vyenye majalada, ombi langu ni dogo. Mtu akija na daftari lake kwa sababu karatasi zenu zimepotea, msiishie kumwambia kwamba hilo si jalada. Andikeni kwanza, kwa jina na tarehe, kwamba jalada lililopotea lilikuwa mikononi mwa ofisi. Sentensi hiyo moja ingembadilishia baba yangu mambo mengi.

Kauntabuku lile ninalo. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, maana nyumbani kwetu nako mchwa wapo, na sisi pia tulichelewa. Zilizobaki nimezipiga picha, na nimeanza kuzinakili katika jedwali, mstari kwa mstari: tarehe, mpinzani, mabao, na katika safu ya mwisho maelezo yake ya zamu. Wenzangu wamenishauri niiondoe safu hiyo ya mwisho kwa sababu haihusiani na mpira. Nimeiacha.